Nikiomba naona kama naongea na ukuta

Swali

Shikamoo mchungaji. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ujiji. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Mwaka jana mwezi wa kumi alianguka ufukweni Kibirizi wakati wanaanua dagaa, tukaambiwa ni kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki, anasema "eee" tu huku machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo nimeomba. Nimefunga siku 3, siku 7, mpaka siku 21 nikila jioni tu. Nimekesha. Tumeombewa na watumishi wanne. Mmoja alisema imani yetu ni ndogo, tuache vidonge vya presha tumwonyeshe Mungu kwamba tunaamini. Mwingine alisema nyumba yetu ina laana ya ukoo, nipande mbegu ya laki tano ndipo ifunguliwe. Sina kitu isipokuwa mashine ya boti ya mume wangu, nafikiria kuiuza. Waumini wenzangu walikuja mwanzoni, sasa hawaji. Ni jirani mmoja tu, Mwislamu, huleta uji asubuhi na kunisaidia kumgeuza mgonjwa. Siku hizi nikipiga magoti naona kama naongea na ukuta. Zamani nilikuwa nalia kwenye maombi, sasa hata machozi hakuna. Je, Mungu ameniacha? Nimtafute wapi?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Amina, asifiwe sana.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena jioni, na usiku ikaniamsha. Nimezungukia wagonjwa hapa Kigoma kwa zaidi ya miaka 20, wodini na majumbani, na swali lako ndilo ninalokutana nalo kuliko lolote, ingawa wengi huniuliza kwa macho tu. Wewe umepata ujasiri wa kuliandika. Nitakujibu kwa kirefu. Ila yapo mawili ambayo hayasubiri, acha nianze nayo.

La kwanza ni vidonge. Kama mliviacha, mpeleke mumeo akapimwe presha leo, zahanati ya karibu au hospitali ya Maweni, na mweleze daktari wazi kwamba mliacha na kwa nini. Usione aibu, hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Presha ya kupanda ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na ubaya wake ni kwamba haiumi: mtu anajiona yuko sawa huku mishipa ya kichwani inazidi kulemewa. Aliyeanguka mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena kuliko ambaye hajawahi, na kukatisha dawa ghafla kunaikaribisha hatari hiyo.

Huyo aliyesema dawa ni upungufu wa imani, mwombe akusomee Isaya 38 mpaka mwisho. Mfalme Hezekia aliugua akawa wa kufa. Akajigeuza, akaelekea ukutani, akaomba. Angalia, dada: ukutani. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Na katika sura hiyohiyo, Isaya, nabii aliyeleta ujumbe wa uponyaji, anaagiza watwae mkate wa tini wauweke juu ya jipu la mfalme. Ahadi imeshatoka kwa Mungu, na dawa bado inapakwa. Hakuna aliyeona kwamba tini zimemtukana Mungu.

La pili ni mashine. Usiiuze. Mashine ya boti kwa mvuvi ni kama jembe kwa mkulima, na katika miezi hii ndiyo inayoweza kukulisha. Mtafute mvuvi mnayemwamini, mkodishe au mkubaliane mgawo, mbele ya shemeji au mzee wa mtaa, na makubaliano yaandikwe. Sadaka naipenda, naifundisha, naitoa. Lakini sadaka ni shukrani ya mtu huru. Mtu akiitaja bei ambayo ukishaifikisha Mungu atafungua, anafanya biashara, na Petro alikwisha kumjibu Simoni wa Samaria aliyetaka kununua nguvu za Roho kwa fedha. Yamo katika Matendo 8, na ni maneno makali kuliko ninavyoweza kuyasema mimi.

Kuhusu laana ya ukoo sitakaa sana. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza hilohilo, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu akalikata palepale: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Shika hilo, na ukiambiwa tena habari za laana, jibu kwa hilo kisha ubadilishe mazungumzo.

Hili la imani ndogo nataka kukaa nalo kidogo, kwa sababu nadhani ndilo lililokuchoma zaidi. Kumbuka Marko sura ya 2, pale Kapernaumu, mtu mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne. Mlangoni hapapitiki, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha na godoro lake. Imeandikwa kwamba Yesu "alipoiona imani yao" ndipo alipozungumza na mgonjwa. Imani yao. Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi kama alikuwa anaamini, ana mashaka, au alikwisha kata tamaa. Alibebwa. Mumeo hana ulimi wa kusema "naamini", na Mungu hamdai asichokuwa nacho. Na wewe, mbebaji, umechoka. Yupo baba mwingine katika Marko 9, mwenye mtoto mgonjwa tangu utotoni, aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakurudishwa nyumbani akaongeze imani kwanza. Mtoto wake aliponywa siku ileile, kwa imani nusu na pengo nusu.

Sasa swali lenyewe. Mungu ameniacha?

Neno hilo si geni kwa Mungu. Limo katika kitabu chake, na walioliandika walikuwa wachaji wake. Zaburi ni 150, na karibu theluthi yake ni malalamiko. Makanisani tunaimba za sifa, hizi nyingine tunazipita haraka kama mtu anayepita msibani kwa kuchungulia. Soma ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Kisha soma ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mahali fulani, mwandishi akavuta pumzi na kusema hata hivyo nitakusifu. Ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio, inaendelea na kilio, na inaishia gizani. Nilipokuwa kijana ilinisumbua, nikajiuliza imeingiaje humu. Leo namshukuru Mungu kwamba wazee wa Israeli hawakuiondoa wala kuiongezea mstari wa furaha mwishoni, maana nimeisoma kando ya vitanda ambavyo zaburi nyingine zote zilishindwa kuvikaribia.

Na msalabani, Yesu alipofika mahali ulipo wewe, hakutunga maneno mapya. Alichukua Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kwa hiyo siku unayopiga magoti ukaona ukuta, ukasema "mbona umeniacha", unasema maneno aliyoyasema Mwana mwenyewe. Wala hukukosa heshima. Tazama mwisho wa Ayubu. Rafiki zake watatu wanamtetea Mungu sura baada ya sura kwa hoja nzuri: lazima kuna dhambi, tubu utapona. Ayubu anapiga kelele, anadai kesi isikilizwe. Mungu anapozungumza mwishoni, anawakasirikia wale watatu na kusema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Na sababu ya mateso yake Ayubu hakuambiwa hata mara moja. Sura 42, na hakuambiwa.

Kwa hiyo usinitarajie mimi nikwambie sababu. Nikikutajia sababu, nitakuwa nimejiunga na wale watatu.

Niseme jambo moja la ziwani, kwa kuwa nyumba yako ni ya wavuvi. Mumeo anazijua siku za mbalamwezi. Taa mnazowasha kuvutia dagaa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu hazivuti kitu, na watu hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Hakuna mvuvi anayesema ziwa limekufa. Maombi nayo yana siku zake za mbalamwezi, taa uliyoizoea haivuti tena: yale machozi, ile joto kifuani, ule uhakika. Hiyo haina maana kwamba chini hakuna kitu. Mfano huu nimeuhubiri miaka mingi. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika zima kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, nikaurefusha: subira huzaa. Kisha nikaenda kumpa pole mama aliyezika mtoto baada ya kuombea homa yake wiki mbili, nikajikuta nimeanza kuusema, nikanyamaza katikati ya sentensi. Kwake hakukuwa na msimu wa kufunguliwa. Tangu siku hiyo nautumia kwa jambo moja tu, lile la hisia. Hisia zikikauka, usipime kwazo kama Mungu yupo. Lakini sisemi tena kwamba kila kusubiri kutaleta wavu uliojaa.

Kuna maombi ambayo jibu lililoombwa halikuja. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki. Na Gethsemane, Yesu mwenyewe aliomba kikombe kiondolewe. Luka anasema malaika akamtokea akimtia nguvu, na baada ya hapo, siyo kabla, ndipo akaomba kwa bidii zaidi mpaka jasho lake likawa kama matone ya damu. Nguvu ilikuja na uchungu ukaongezeka. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, unasema alimtolea maombi pamoja na kulia sana na machozi yule awezaye kumwokoa na mauti, naye "akasikilizwa". Nilipita juu ya neno hilo mara nyingi kabla halijanisimamisha. Alisikilizwa, na kesho yake akafa. Basi kusikilizwa ni jambo pana kuliko kupewa. Ufufuo ulikuja, ndiyo, lakini Ijumaa haikufutwa.

Umeuliza pia nimtafute wapi, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize hasa.

Umemtafuta kwa kuongeza: kufunga zaidi, kukesha zaidi, watumishi zaidi. Sasa mwangalie Eliya, 1 Wafalme 19. Amekimbia siku nzima jangwani, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mtu wa maombi yaliyoshusha moto, leo anasema yatosha. Mungu alimwanzia wapi? Hakumkemea imani. Hakumpa unabii. Alimwacha alale. Malaika akamgusa: inuka, ule. Mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, ale tena, "maana safari hii ni kubwa mno kwako". Ile sauti ndogo ya utulivu ambayo wahubiri tunaipenda ilikuja baadaye sana, mlimani, baada ya siku 40 za mwendo ambazo alizitembea kwa nguvu za chakula kile.

Kwa hiyo nakuagiza kama mchungaji, na kama mgonjwa wako angekuwa ndugu yangu ningesema hivihivi: acha kufunga kwa sasa. Mwezi mzima, pengine zaidi. Mtu anayemwinua mwanamume mzima mara kadhaa kwa siku hatakiwi kushinda na njaa. Kula asubuhi. Kula mchana. Omba mtu akae na mgonjwa mchana saa mbili, ulale. Machozi kukauka na moyo kutohisi kitu mara nyingi ni mwili uliochoka mpaka mwisho, wala si roho iliyokataliwa. Na kama hata ukilala bado huoni ladha ya chochote kwa wiki mbili na zaidi, au yanakujia mawazo kwamba heri usiwepo, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, nao hutibiwa. Waambie wauguzi siku hiyohiyo. Usiifanye kuwa pepo.

Na sasa ule mstari wako mmoja.

Katika barua yako, watumishi wanne wamechukua nafasi kubwa. Kisha, kama mtu anayetaja hali ya hewa, umeandika kwamba jirani Mwislamu huleta uji asubuhi na kukusaidia kumgeuza mgonjwa. Nimerudia mstari huo mara nyingi kuliko mingine yote. Tangu Oktoba, kila asubuhi? Unajua ni bakuli ngapi hizo? Unajua kwamba kumgeuza mgonjwa wa kulala kila baada ya saa mbili ndiko kunakomkinga na vidonda vya mgongoni na nyongani, vidonda ambavyo nimeviona vikiua watu ambao kiharusi kilikuwa kimewaacha hai? Mumeo ana ngozi nzima leo kwa sehemu kwa sababu ya mikono ya huyo jirani.

Wewe ni mtu wa Ujiji, umepita pale makumbusho ya Livingstone, yule mmishonari na mpelelezi wa Kiskoti, mara nyingi. Tunalisimulia tukio lile kwa wageni. Oktoba 1871 alifika Ujiji mgonjwa, ngozi na mifupa, akakuta mali alizotumiwa kutoka pwani zimeuzwa zote na aliyekabidhiwa kuzitunza. Katika daftari lake aliandika kwamba alijiona kama yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia kati ya wanyang'anyi, ila yeye hakuwa na tumaini la kuhani, Mlawi wala Msamaria mwema kupita karibu. Siku chache baadaye Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akaingia na msafara, chakula na dawa. Nimesikia likihubiriwa: mnaona, Mungu hujibu.

Ni kweli, alijibiwa chakula na dawa. Lakini lile alilolitafuta miaka yote, chemchemi za Nile, hakulipata. Mto Lualaba aliodhani ndio Nile unapeleka maji yake Kongo. Alikufa 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Hilo moja. La pili ndilo lililonifanya nikutajie habari hii. Nani alimkimbilia kumwambia mgeni anakuja? Susi. Abdullah Susi, aliyekuwa naye safarini kwa miaka, na ambaye alikuwa palepale Ujiji pamoja naye alipolalamika kwamba hana Msamaria. Na ni Susi, Chuma na wenzao walioukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu kupitia Unyanyembe, hapo Tabora, hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Msamaria hakupita tu, alikuwa anaishi naye. Simlaumu marehemu. Mtu akichoka hutazama njia kuu kusubiri msafara, hamwoni aliye uani.

Dada, simfanyi jirani yako malaika, wala simbatizi kwa maneno yangu. Ana dini yake, na katika dini yake haki ya jirani ni jambo zito. Msamaria wa Yesu naye hakuwa wa ibada moja na yule aliyeumizwa. Ninachosema ni kwamba uliuliza Mungu yuko wapi, na barua yako yenyewe inataja mkate na mtungi wa maji vilivyowekwa karibu na kichwa chako kila siku, nawe umekuwa ukivila huku unatazama mbinguni kusubiri moto.

Nami nilikuwa hivyo. Mama yangu alipougua saratani, niliomba miaka miwili na akafa. Maneno niliyoambiwa kipindi kile nimeyasahau yote, na yalikuwa mengi, nami mwenyewe nilikuwa mhubiri. Ninachokumbuka ni katekista mzee wa huko kwetu Kasulu aliyekuja jioni moja, akaketi kwenye mkeka, akavuta ungo wa mahindi tuliokuwa tumeuacha, akaanza kupukuchua. Hakusema kitu. Tulipukuchua wote wawili mpaka giza likaingia, kisha akaaga. Rafiki za Ayubu walifanya vivyo hivyo mwanzoni, siku saba chini, kimya, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao nzuri. Waliharibu walipofungua midomo. Jioni ile sikuhisi joto lolote moyoni. Miaka imepita, na nikiulizwa Mungu alikuwa wapi mama alipokuwa anakufa, naonyesha mkeka ule.

Kuhusu waumini wenzako, usiwasubiri wajisikie aibu. Wengi wameacha kuja kwa sababu hawana la kusema, na wamefundishwa kwamba kwa mgonjwa lazima useme kitu. Wape kazi. Mtumie salamu mwenyekiti wa akina mama: Jumanne nahitaji mtu wa kuchota maji, Alhamisi wa kukaa na mgonjwa saa mbili nilale. Ni rahisi zaidi kwa mtu kuja na ndoo kuliko kuja na faraja.

Sasa mumeo. Kiharusi kinachodhoofisha upande wa kulia mara nyingi hugusa sehemu ya ubongo inayotunza maneno. Haina maana akili imeondoka. Wengi huelewa zaidi ya wanavyoweza kusema, na yale machozi huenda ni ya mtu anayekusikia ukiomba juu yake kama hayupo. Ongea naye. Muulize maswali ya kujibu kwa kichwa au kwa kubana mkono. Omba wodini wakufundishe mazoezi ya mkono na mguu, umfanyishe kila siku. Maendeleo huwa ya kasi zaidi miezi ya mwanzo, ila hayaishi hapo.

Na umwimbie. Wapo watu waliopoteza maneno kabisa ambao wimbo waliouzoea hutoka, na maneno yake ndani, kwa kuwa kuimba kunapita njia nyingine kichwani. Nimeliona kwa macho yangu kwa mzee mmoja wa Mwandiga: hakuweza kutaja jina la mkewe, na jioni moja akaimba ubeti mzima. Siahidi kwamba mumeo ataimba. Chagua wimbo wa kanisani aliokuwa anaupenda, au hata ule wanaoimba wakivuta nyavu, keti upande wake wa kushoto wenye nguvu, mshike mkono, uimbe taratibu. Hayo ndiyo maombi yenu ya jioni kwa sasa. Hamhitaji mengine.

Ukitaka kuomba peke yako na maneno hayaji, Warumi 8 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, yaani ile "eee" ya mumeo nayo ni maombi. Au chukua haya machache, nimeyaandika kutokana na barua yako: Bwana, nimechoka. Mume wangu haongei, na wewe huongei. Sina nguvu ya kukutafuta. Kaa basi hapa, tukae wote watatu. Amina. Ukiyasema mara moja kwa siku yanatosha. Ukiyasema umegeukia ukutani, hakuna ubaya, Hezekia alielekea hukohuko.

Na kesho asubuhi jirani akigonga na bakuli, usimpokelee mlangoni. Mwambie aingie, mpe kigoda, mimina uji vikombe viwili, mnywe naye kabla hamjamgeuza mgonjwa. Muulize alilalaje. Nadhani tangu mwezi wa kumi hakuna aliyemuuliza.